Je, shule ya msingi inaweza kumkinga mtoto na wasiwasi kabla haujawa ugonjwa?

Mwalimu wa Malezi, Morogoro

Ndugu zangu, salaam. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mkoani Morogoro, na huu ni mwaka wa tatu tangu nikabidhiwe pia kazi ya malezi na unasihi shuleni. Mwezi uliopita kamati ya shule iliniomba niandae mpango wa muhula mzima wa kuwasaidia watoto wa Darasa la Tatu hadi la Sita wasifikie hatua ya kuwa na wasiwasi uliopindukia, na mwalimu mkuu amekubali kutoa kipindi kimoja kwa wiki kwa kila darasa. Nafasi ya namna hii haipatikani mara kwa mara, ndiyo maana nauliza kabla sijaanza.

Nieleze kwanza kilichonisukuma. Shuleni kwetu kuna jaribio la Hisabati kila Alhamisi. Kuna binti mmoja wa Darasa la Nne ambaye siku hiyo huomba ruhusa ya kwenda chooni mara tatu au nne kabla ya saa nne asubuhi. Nilidhani ana maradhi ya njia ya mkojo, nikamwomba mama yake ampeleke zahanati. Alipimwa, hakuonekana na tatizo lolote. Alhamisi iliyofuata niliamua kukaa naye dawati moja. Karatasi hazijagawiwa, tayari alikuwa anasokota pindo la sweta lake kwenye kidole, na nilipoliangalia vizuri nikaona limefumuka upande mmoja tu, ule wa mkono wa kushoto. Viganja vilimlowa jasho hata karatasi ikabaki na alama za vidole. Maswali ya kuzidisha ambayo Jumatano aliyafanya ubaoni bila kusita, siku hiyo aliyaacha wazi. Kengele ilipolia hakuniuliza majibu. Aliniuliza kama majina yatabandikwa. Hapa kwetu matokeo hubandikwa kwenye ubao wa matangazo, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho.

Tangu siku hiyo nimeanza kuwaona wengine. Yuko mvulana anayeumwa kichwa kila Jumatatu, na yuko mwingine ambaye hajanyoosha mkono tangu Januari ingawa daftari lake limejaa vema. Hawa si watoto wasumbufu. Ni watulivu, na katika darasa lenye wanafunzi 74 mtoto mtulivu hupita muhula mzima bila mtu kumtazama.

Naomba wenye ujuzi wanisaidie katika haya. Je, ni afadhali kuwafundisha watoto wote, au niwachague wachache ambao dalili zimeshaonekana? Je, mwalimu wa kawaida kama mimi anaweza kufundisha mambo haya, au ni lazima aje mtaalamu? Na je, yawezekana nikiwafundisha kuhusu wasiwasi nikawatia wasiwasi ambao hawakuwa nao? Swali hili la mwisho ndilo linaloninyima usingizi.

Mnasihi, Dodoma

Mwalimu, kama umenizidi umri pokea shikamoo yangu, na kama sivyo pokea heshima yangu. Ninafanya kazi ya saikolojia hospitalini, na watoto wa aina unayoieleza hunifikia wakiwa na miaka 14 au 15, wakati ambapo wameshaacha shule au wako mbioni kuiacha. Nikiwauliza ilianza lini, wengi hunitajia Darasa la Tatu au la Nne. Kwa hiyo kamati yako imelenga umri unaofaa.

Woga wenyewe si ugonjwa, na hatutaki mtoto asiyejua kuogopa. Kinachoukuza woga mpaka ukawa ugonjwa mara nyingi ni kukwepa. Mtoto akiamka siku ya jaribio tumbo likamkata, mama akamwonea huruma akamwacha nyumbani, kufikia saa tatu tumbo huwa limetulia. Hakudanganya: maumivu yalikuwa ya kweli na nafuu nayo ni ya kweli. Lakini mwili wake umejifunza kwamba nafuu iko nyumbani, na wiki inayofuata tumbo litaanza mapema zaidi, pengine tangu Jumatano jioni. Safari za chooni za binti yako ni ukwepaji wa aina hiyohiyo, wa dakika tanotano. Programu zinazofaa hujengwa juu ya jambo hili, yaani kumrudisha mtoto hatua kwa hatua kwenye kile anachokikwepa, akiwa na mtu mzima anayemwamini, mpaka mwili ujifunze upya kwamba jambo lenyewe linavumilika.

Inayojulikana zaidi kati ya hizo huitwa FRIENDS, yaani Marafiki. Asili yake ni tiba iliyoandaliwa na Philip Kendall wa Chuo Kikuu cha Temple mjini Philadelphia kwa ajili ya watoto waliokwisha kuugua. Paula Barrett akaiendeleza nchini Australia, na kutoka kliniki ikaingia madarasani. Watoto hufundishwa kuzitambua hisia zao mwilini, kuutuliza mwili, kuyahoji mawazo yanayowatisha, kupanga hatua ndogondogo za kukikabili wanachokiogopa, na kujipongeza kwa kujaribu hata pale ambapo matokeo hayakuwa mazuri. Kwa kawaida huwa ni vipindi kumi, kimoja kila wiki, na viwili vya kukumbushia baadaye.

Sasa nije kwenye swali lako la nani afundishe, nalo lina jibu ambalo huenda lisikufurahishe. Kusini magharibi mwa Uingereza, Paul Stallard na wenzake waliichunguza programu hii katika shule 40 za msingi zenye wanafunzi 1,362 wa miaka 9 na 10, na matokeo yakachapishwa mwaka 2014. Shule ziligawanywa kwa kura katika makundi matatu: kundi moja lilifundishwa na wawezeshaji wa afya waliotoka nje ya shule, la pili na walimu wa shule zenyewe, na la tatu likaendelea na masomo yake ya kawaida ya stadi za maisha. Baada ya miezi 12, watoto waliofundishwa na wawezeshaji wa afya ndio waliokuwa na dalili chache za wasiwasi. Waliofundishwa na walimu hawakutofautiana na wale wa masomo ya kawaida. Na baada ya miezi 24 hata ile tofauti ya kundi la kwanza ilikuwa imefifia.

Nakusihi usisome hapo kwamba walimu hawafai. Kwa maoni yangu, mwezeshaji wa nje alikuwa na mambo mawili ambayo mwalimu hana. La kwanza ni muda wa kujiandaa na mtu wa kumsimamia kila wiki. La pili ni kwamba yeye hakusahihisha jaribio la mtoto yeyote. Mtoto hawezi kumwambia kwa urahisi yule anayemwogopa kwamba anamwogopa. Kwa hiyo, ikiwa wewe ndiye utakayefundisha, omba usifundishe Hisabati katika darasa hilohilo, na tafuta mtu wa kuzungumza naye kila wiki kuhusu kilichotokea katika kipindi. Anaweza kuwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, au muuguzi wa afya ya akili wa hospitali ya wilaya akikubali. Na usipange muhula mmoja tu. Kilichofifia Uingereza kwa miezi 24 kitafifia na Morogoro, isipokuwa watoto warudie mazoezi mwaka unaofuata.

Kuhusu hofu yako ya kuwatia wasiwasi, una haki ya kuwa nayo. Uingereza hiyohiyo ilifanya utafiti mkubwa uitwao MYRIAD katika shule 85, ambapo vijana wa miaka 11 hadi 14 walifundishwa mazoezi ya kutulia na kuielekeza akili kwenye wakati uliopo. Matokeo yake, yaliyotolewa mwaka 2022, yalionyesha kwamba mafunzo hayo hayakuwa na faida kuliko masomo ya kawaida, na wengi wa vijana hao hawakuyafanya mazoezi nyumbani. Ukiketi mbele ya watoto 74 ukawaorodheshea dalili za ugonjwa, wako watakaotoka wakijihesabia dalili, na hilo silipendi hata kidogo. Usifundishe ugonjwa. Fundisha ujasiri, na uufundishe kwa kutenda.

Kwa binti wa sweta ningejenga ngazi ya namna hii. Afanye swali moja ukiwa umekaa kando yake huku saa ikihesabu. Akishalizoea, afanye maswali matano pamoja na rafiki yake. Kisha jaribio zima lisilosahihishwa. Kisha jaribio linalosahihishwa lakini karatasi anapewa mkononi na hakuna mwingine anayeiona. Chooni aende mara mbili, halafu mara moja. Asipande hatua inayofuata mpaka ile aliyopo imeacha kumtetemesha, hata kama itachukua wiki tatu. Mazoezi ya kupumua yanamsaidia kuanza, ila yasigeuke kuwa choo kipya cha kujifichia.

Lakini Mwalimu, ngazi hii haitafika popote ikiwa kila Ijumaa shule nzima inasoma jina lake chini kabisa ya orodha. Baraza la Mitihani la Tanzania lenyewe limeacha kutangaza shule kumi bora. Sioni kwa nini mtoto wa miaka kumi atangazwe. Ondoeni ile karatasi ubaoni kabla ya kipindi cha kwanza.

Mwalimu wa Upili, Kiambu

Hujambo Mwalimu mwenzangu. Mimi nafundisha shule ya upili katika kaunti ya Kiambu, kwa hiyo wanafunzi wangu ni wakubwa kuliko wako, lakini nina jambo la kuongeza kuhusu nani anafaa kuongoza.

Hapa Kenya kuna programu iitwayo Shamiri, na jina ni neno letu lilelile la Kiswahili, kushamiri. Ilianzishwa na Tom Osborn, kijana Mkenya, akishirikiana na watafiti wa hapa nchini na wa Marekani. Inachukua saa moja kwa wiki kwa wiki nne. Wanaoongoza si madaktari wala walimu, bali ni vijana waliomaliza shule ya upili juzijuzi na kupewa mafunzo mafupi. Wanafunzi hukaa vikundi vidogo wakazungumza juu ya mambo matatu: kwamba mtu anaweza kubadilika na kukua, kwamba kuna mambo ya kushukuru hata katika wiki mbaya, na kwamba kila mmoja ana kitu anachokithamini na anaweza kukiishi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 uliwahusisha vijana 413 wa shule za upili waliokuwa tayari na dalili za huzuni au wasiwasi. Kundi la kulinganishwa nalo halikuachwa mikono mitupu; lilifundishwa mbinu za kusoma kwa muda uleule. Hata hivyo waliopitia Shamiri walipata nafuu zaidi ya huzuni na wasiwasi, na miezi saba baadaye tofauti hiyo ilikuwa bado inaonekana.

Nimeketi nyuma ya darasa nikisikiliza kikundi cha aina hiyo. Kijana aliyeongoza alikuwa na miaka kama 19 hivi. Aliwasimulia jinsi alivyopata alama ya mwisho katika Fizikia alipokuwa Kidato cha Pili, akaificha karatasi chini ya godoro la bweni hadi likizo, na jinsi alivyomwendea mwalimu muhula uliofuata kuomba msaada. Hakuna mwanafunzi aliyecheka. Mmoja aliuliza tu, "Ulimwambia nini mwalimu ulipofika mlangoni?" Mimi nimefundisha miaka kumi na minne na sijawahi kuulizwa swali la namna hiyo, kwa sababu kwao mimi sikuwahi kufeli.

Sisemi uichukue programu ya vijana wa miaka 15 uwape watoto wa miaka tisa. Nasema kwamba mtoto humsikiliza kwa makini mtu aliyepita njia yake hivi karibuni. Huko kwenu wapo vijana waliomaliza Kidato cha Nne wanaosubiri matokeo wakiwa nyumbani. Ukiwapata wanne waaminifu, wakafundishwa na kusimamiwa, darasa la 74 litagawanyika vikundi ambavyo kila mtoto anaonekana usoni.

Mama Wawili, Tanga

Asalaam aleikum walimu. Mimi si mtaalamu. Ni mzazi tu ambaye mwanawe alipitia haya, na naomba msimsahau mzazi katika mpango huu.

Mwanangu alipokuwa Darasa la Pili alipigwa kofi na mwalimu mmoja kwa kosa ambalo hakulifanya. Tangu siku ile akawa anatapika akifika langoni. Jirani mmoja aliniambia amerogwa, mwingine akasema ana jini la baharini. Nilimpeleka kisomoni, nikampeleka na kwa mganga, na huko kote alitulia kwa sababu huko kote hakukuwa shule. Nilimweka nyumbani wiki mbili ili apumzike. Leo najua kwamba wiki mbili zile ndizo zilizotuchelewesha. Kila asubuhi nilimwambia "Usiogope mwanangu, hakuna kitu," nikairudia mara ishirini, na kila nilivyoirudia ndivyo alivyozidi kunikazia macho kama mtu anayefichwa habari ya msiba.

Aliyetusaidia ni mwalimu mpya wa kike aliyehamia muhula ule. Hakuwa na programu yoyote yenye jina. Siku ya kwanza alisema mtoto aishie kwenye mwarobaini ulio nje ya lango, amsalimie yeye, kisha arudi nyumbani. Ilikuwa vivyo hivyo siku ya pili na ya tatu. Siku ya nne akaingia ndani ya lango, akamsaidia mwalimu kubeba chaki hadi barazani. Wiki iliyofuata akaketi darasani kipindi kimoja cha Kiswahili, anachokipenda, na dawati lake likawa karibu na mlango. Ilituchukua wiki tano. Kazi yangu mimi ilikuwa ngumu kuliko yake, nayo ilikuwa kuondoka. Mwalimu alinikataza kusimama dirishani.

Kwa hiyo ninaomba kwamba kabla ya kipindi cha kwanza cha watoto, pawe na kikao cha wazazi. Sisi ndio tunaowaacha nyumbani siku ya jaribio, na hatufanyi hivyo kwa ubaya. Na kwenye kikao hicho msitumie maneno "ugonjwa wa akili," maana huku kwetu baba akisikia hivyo hatamruhusu mtoto kuendelea. Semeni mnawafundisha watoto kujiamini.

Mwalimu Mkuu Mstaafu, Iringa

Nimewasoma nyote kwa makini. Nilikaa kazini miaka 34, kumi na miwili kati yake nikiwa mwalimu mkuu, na nitasema jambo ambalo huenda baadhi yenu hamtalipenda. Mtoto akilindwa na kila linalomtia mchecheto, atakutana nalo akiwa mtu mzima na hatakuwa na nguvu. Majaribio yabaki. Kusimama mbele ya darasa na kusoma kwa sauti kubaki. Samaki mkunje angali mbichi. Nimefurahi kuona kwamba Mnasihi naye hasemi jaribio lifutwe, bali mtoto afikishwe kwenye jaribio.

Hata hivyo, kuna hofu ambayo sisi walimu tumeitengeneza kwa mikono yetu, na hiyo siwezi kuitetea. Kanuni za mwaka 2002 zinasema adhabu ya viboko itolewe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, visizidi vinne, na kila adhabu iandikwe katika kitabu. Nilipokabidhiwa shule nilikikuta kitabu hicho kikiwa na kurasa mbili tu zilizoandikwa, ilhali fimbo ilikuwa juu ya kila meza katika ofisi ya walimu. Nilikusanya zile fimbo siku hiyohiyo, nikasema atakayetaka kumwadhibu mtoto aje aandike. Walimu walininunia mwezi mzima. Lakini ikawa mtoto anaweza kukosea ubaoni na kuomba arudie, jambo ambalo sikuwa nimeliona katika shule ile.

Baadaye, katika semina moja, tulielezwa habari za wilaya ya Luwero nchini Uganda, ambako shule 42 za msingi zilihusishwa katika utafiti uliochapishwa mwaka 2015. Nusu yake zilifuata mpango uitwao Shule Bora kwa miezi 18, mpango unaoihusisha shule yote, kuanzia mkuu na walimu hadi wanafunzi wenyewe. Katika shule zisizo na mpango, asilimia 49 ya wanafunzi walisema wameumizwa mwilini na mtumishi wa shule katika wiki moja iliyopita. Katika shule zenye mpango ilikuwa asilimia 31. Bado asilimia hiyo ni kubwa mno, lakini watoto wa shule hizo walisema pia kwamba wanajisikia salama zaidi.

Mwalimu, anza na ofisi ya walimu. Ukiingia darasani kufundisha ujasiri, na mwenzako akaingia kipindi kinachofuata na fimbo, watoto watamwamini yeye.

Mwalimu wa Malezi, Morogoro

Wazee wangu na ndugu zangu, nimechelewa kurudi kwa sababu nilitaka kurudi na jambo lililofanyika. Zimepita wiki tano.

Nilianza na ubao. Haikuwa rahisi, mwalimu wa Hisabati, ambaye ni mtu mwema na anayejituma sana, aliona kwamba tunamnyang'anya chombo cha kuwahamasisha wenye bidii. Tulikubaliana kwamba kila mtoto apewe karatasi yake mkononi, na kwamba kila Ijumaa atajwe aliyepanda kutoka alama zake mwenyewe za wiki iliyopita. Wiki ya pili alitajwa mvulana aliyetoka alama 9 hadi 15 kati ya 50, na mwalimu huyo ndiye aliyeongoza makofi.

Kikao cha wazazi kilifanyika Jumamosi. Nilifuata ushauri wa Mama Wawili kuhusu maneno, na wakaja wengi kuliko wanaokuja kwa habari za michango. Baba mmoja alisimama akasema yeye mwenyewe huumwa tumbo akiitwa ofisini kwa mtendaji wa kata, na hakujua kwamba jambo hilo lina maelezo. Fimbo bado. Mwalimu mkuu ameahidi kukitoa kitabu kabatini, na nitalifuatilia.

Vijana nimepata watatu, si wanne. Mmoja wao ana kipaji kikubwa. Huketi sakafuni na watoto badala ya kusimama mbele yao. Mkuu wangu wa zamani wa chuo, ambaye alisomea unasihi, amekubali tuzungumze kwa simu kila Jumapili kuhusu yaliyotokea katika wiki. Binti wa Alhamisi yuko kwenye hatua ya jaribio lisilosahihishwa, na ameikalia kwa wiki ya pili sasa. Juzi alienda chooni mara moja. Sweta bado analisokota.

Lakini katika kuchora ngazi kumetokea jambo ambalo sikulitarajia. Tuliwaomba watoto wachore kitu kimoja wanachotaka kupunguza kukiogopa. Mtoto mmoja wa Darasa la Tano alichora mlango wa nyumbani kwao, na chini yake akaandika, "Baba akirudi usiku." Kijana wangu aliniletea karatasi ile mikono ikimtetemeka. Mnasihi, hapo ngazi inawekwa wapi?

Mnasihi, Dodoma

Mwalimu, hapo haiwekwi ngazi. Ngazi ni ya hofu ya kitu kisichodhuru, au kinachodhuru kidogo kuliko mtoto anavyodhani. Mtoto anayemwogopa mtu anayemuumiza ana hofu iliyo sahihi kabisa, na kumfundisha aizoee ni kumdhulumu mara ya pili. Nilipaswa kulitaja hili tangu mwanzo, na kila mpango wa shule wa aina hii unatakiwa uwe umejua la kufanya kabla mtoto wa kwanza hajafungua mdomo.

Zungumza naye wewe mwenyewe, si yule kijana, mahali mnapoonekana lakini hamsikiki. Usimwahidi kwamba itakuwa siri. Mwambie utawaambia wale tu wanaoweza kumsaidia, na umtajie ni nani. Usimhoji kama askari. Muulize kinatokea nini baba akirudi, kisha nyamaza usikilize. Usimwite baba shuleni kwanza, kwa sababu usiku utakaofuata mtoto atakuwa naye nyumbani na wewe hutakuwepo. Siku hiyohiyo mweleze mwalimu mkuu na umpigie afisa ustawi wa jamii. Ukimkosa, namba 116 ya msaada kwa mtoto hupigwa bila malipo, na dawati la jinsia na watoto katika kituo cha polisi lipo kwa kazi hiyo. Yule kijana naye usimwache aende nyumbani na mzigo ule peke yake.

Ile karatasi itunze, usiitie alama wala maandishi yako. Pembeni, katika daftari lako, andika tarehe na maneno ya mtoto kama alivyoyasema, hata kama sarufi yake haikukaa sawa. Ukishaonana na afisa, niandikie.